Duka la vyakula Colorado: naruhusiwa kuuza bia na mvinyo?

Muuza_Dagaa:
Wakuu, habari za leo. Duka langu la vyakula vya nyumbani lipo Aurora, Colorado. Wateja wanaulizia bia, mvinyo na Konyagi, na nasikia sheria imebadilika. Naombeni mwongozo: leseni ipi, na naanzia wapi?

Mzee_wa_Leseni:
Karibu mkuu. Hadi mwisho wa 2018 maduka ya vyakula kwa kawaida yaliuza bia nyepesi tu, isiyozidi asilimia 3.2 kwa uzito. Tarehe 1 Januari 2019 bia ya kawaida ikaruhusiwa. Novemba 2022 wapiga kura wakapitisha Pendekezo 125 kwa tofauti ndogo sana, na tangu 1 Machi 2023 mvinyo nao unauzwa humo. Leseni ni moja, ya bia na mvinyo. Konyagi isahau, hiyo ni pombe kali.

Kabla hujalipa ada yoyote, pima umbali: futi 500 kutoka shule, na futi 500 kutoka duka la vileo. Wa shule huanzia kwenye mpaka wa kiwanja chake, siyo mlangoni, hadi sehemu ya jengo lako iliyo karibu zaidi, kwa kufuata njia ya mtembea kwa miguu. Wengi hukwama hapa baada ya kusaini mkataba wa pango.

Dada_Karani:
Naongezea. Maombi yanaanzia jijini, kisha jimboni. Kikao cha hadhara hakifanyiki kabla ya siku 30 kupita tangu uwasilishe maombi. Bango libandikwe dukani siku 10 kabla ya kikao: upana inchi 22, urefu inchi 26, herufi zisipungue inchi 1. Lipige picha siku unayolibandika. Kusanya pia saini za majirani wenye miaka 21 na zaidi, maana jiji huangalia kama mtaa unahitaji duka hilo. Na usisahau serikali kuu: fomu 5630.5d ya kujisajili kwa TTB (ofisi ya serikali kuu inayosimamia vileo na tumbaku), bure kabisa, kabla hujaanza kuuza.

Muuza_Dagaa:
Asanteni sana. Je, Tusker naweza kuifuata jimbo jingine, au ninunue bia Sam's Club (duka kubwa la rejareja la wanachama) niuze?

Mzee_wa_Leseni:
Hapana, yote mawili yatakuponza. Nunua kwa muuzaji wa jumla mwenye leseni ya Colorado tu, na ankara zote zitunze. Mpigie sasa umuulize kama Tusker anayo. Kama hailetwi na yeyote humu jimboni, huwezi kuiuza.

Dada_Karani:
Kama unapokea EBT (kadi ya msaada wa chakula wa serikali), tenga vileo kwenye mashine ya malipo ili kadi hiyo isivikubali kabisa. Leseni ina muda wake; maombi ya kuihuisha yafike jijini siku 45 kabla haijaisha.