Mashine za upepo za betri kwa bei ya ofa: tupeane uzoefu kabla mtu hajatuma pesa

Dereva_Njoro:
Wadau, hizi mashine ndogo za upepo za kuchaji zimejaa kila mahali, bei ya zamani imepigwa mstari na mpya iko kwa wekundu. Inayozunguka sana ni ile ya kushika mkononi, imeandikwa 150 PSI (presha), 6000mAh (uwezo wa betri), upepo lita 35 kwa dakika, eti ilikuwa 7,500 sasa 2,999. Gari ni Probox, njia ni Njoro kwenda Mau Narok, na mtu wa pancha hapatikani kila kona. Mliozitumia na mliozifungua, hutupa kazi wapi?

Fundi_Kondele:
Anza kwa kutoamini herufi kubwa. 150 PSI ni pale pampu inapogoma kabisa. Lita 35 zimepimwa paipu ikiwa wazi, haisukumi kitu. Ikifika PSI 30 ndani ya tairi, kijipampu chenye pistoni ya milimita 19 hubaki na kama lita 8 kwa dakika.

Sasa piga hesabu. Tairi la Probox hubeba kama lita 25. Kulitoa 20 hadi 33 PSI unataka karibu lita 25 za upepo wa nje hapa Kisumu, yaani dakika tatu na kitu. Likiwa limelala kabisa unataka zaidi ya lita 60, na hapo ni dakika nane au zaidi bila kupumzika, wakati kijitabu cha nyingi kinasema ipumzishwe baada ya dakika 10. Kwa kuongezea upepo inafaa. Kufufua matairi mawili yaliyolala, mfululizo, saa sita mchana, ni kuiua.

Na hiyo 6000mAh ni seli tatu za 2000 zimejumlishwa kama mahindi. Zimeungwa kwa mfuatano, volti 11.1, kwa hivyo uwezo ni 2000 ile ile: wati-saa 22. Zenye seli mbili ni volti 7.4, wati-saa 15. Tafuta hiyo namba ya Wh (wati-saa) mgongoni mwa mashine. Isipokuwepo, jiulize kwa nini.

Mama_Kibuye:
Wh. Hapo umemaliza.

Section58:
Ukiwa Nakuru ongeza muda kidogo. Kisumu iko kama mita 1,150 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850. Hewa ya huku ni nyepesi, kila pigo la pistoni linaingiza pungufu kwa karibu asilimia 8. Ukipanda Timboroa ni mbaya zaidi.

Ja_Ahero:
Upepo ni upepo bwana. Hata wa Timboroa ni upepo.

Section58:
Ni upepo, lakini umepungua. Jaza tairi PSI 32 asubuhi pale Ahero, lifikishe Nakuru, liache lipoe kabisa, baridi iwe ile ile: geji itasoma karibu 33, kwa sababu hewa ya nje inayolisukuma imepungua kilopaskali 7 hivi.

Ja_Ahero:
Baridi ya Nakuru na ya Ahero lini zikawa ile ile? Nyuzijoto zikishuka 10 tairi linapoteza PSI 2 hivi. Kwa hivyo litasoma chini, si juu. Shule ulienda siku ya mvua.

Section58:
Nimesema "baridi iwe ile ile", jaduong'. Soma kwanza.

Fundi_Kondele:
Nyote mko sawa, na hakuna anayenunua mashine kwa ajili ya hiyo PSI moja. Muhimu ni kupima tairi likiwa baridi, kabla ya kutoka. Ukipima baada ya kilomita 50 utakuta limeongezeka 4 au 5, ukitoa, kesho asubuhi unaendesha tairi laini. Kipimo chako kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Za Kijapani huandika kPa: 220 ni PSI 32, 240 ni PSI 35.

Spana_Shabab:
Mtego mkubwa wa ofa haujatajwa. Zile za familia ya drili, zinazovaa betri ya volti 18 au 20, ukiona imeshuka nusu bei soma maandishi madogo: "mashine pekee". Maana yake hakuna betri, hakuna chaja. Ukienda kuvitafuta hivyo viwili, mara nyingi vinapita bei ya mashine yenyewe, na betri ya kampuni nyingine haiingii, miguu yake ni tofauti.

Ila kama drili yenye betri hizo unayo tayari, hiyo ndiyo ofa ya kweli. Betri ya 4.0Ah ni wati-saa 72, mara tatu ya hicho kidude cha mkononi, na pistoni ni kubwa. Usitishwe na 18 dhidi ya 20: zote ni seli tano. Zikijaa zinafika karibu 21, zikifanya kazi ni 18. Ni maandishi tu ya sokoni.

Bungoma_Kwetu:
Pampu ya mguu ya silinda mbili. Haina chaji, haina ofa, haina stori.

Mama_Kibuye:
Papa, na goti je?

Solda_Moto:
Mnabishania upepo na kuna mambo ya moto. Iko mashine moja hapa mezani, au tuseme mabaki yake, imeletwa ndani ya mfuko wa unga.

Ni ile ya tundu la duara la chaji, si Type-C. Inataka volti 8.4. Chaja ikapotea. Mwenyewe akaona chaja ya ruta ya wifi inaingia pale pale bila hata kusukuma, akachomeka, akaiweka juu ya kochi, akalala. Chaja ya ruta ile ni volti 12. Taa iliwaka nyekundu kama kawaida, haikulalamika.

Ndani kuna seli mbili za 18650, za chuma, kila moja haitakiwi kupita volti 4.2. Kwa 12, kila moja inasukumwa kuelekea 6. Kibao cha ulinzi kingekata mapema. Sasa fungua uone: mahali pa kibao pamechorwa kabisa kwenye saketi, matundu ya solda yapo, matupu. Waya mbili zimerukishwa juu yake moja kwa moja. Punguzo lilitolewa hapo.

Seli za chuma hazivimbi kama betri ya simu. Kofia ya juu hufyatuka na moshi hutoka kwa kasi, una harufu tamu inayokaba, kama rangi ya kucha. Hiyo harufu ndiyo iliyomwamsha. Seli ya kwanza ikapasha ya pili. Sehemu ya mbele ya plastiki ina shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na paipu imeyeyuka ikashikana na kitambaa cha kochi. Bado kipo, kinaning'inia.

Dereva_Njoro:
Eh! Nyumba ilibaki?

Solda_Moto:
Kochi, pazia na nusu ya zulia ndivyo vilivyoenda.

Ja_Ahero:
Mchanga. Mwaga mchanga.

Kakamega_Lurambi:
Na asije mtu akasema maji. Maji kwa umeme? Mtaua watu. Mchanga ndio sawa.

Solda_Moto:
Zima soketi ukutani kwanza, kisha maji mengi. Mchanga unazuia cheche zisiruke lakini haupozi, na seli ya pili inangoja joto tu. Kama inafuka moshi bila mwali na mlango uko karibu, iburute nje kwa jembe. Usiishike, usiitoboe, usivute ule moshi.

Kakamega_Lurambi:
Jembe sebuleni?

Solda_Moto:
Basi koleo.

Mama_Kibuye:
Wengine hapa tuna chaja za ruta kwenye droo moja na kila kitu. Leo zinaandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 12V.

Spana_Shabab:
Turudi kwa ununuzi jamani, kochi limeshaungua. Ukiichukua kwa wakala wa mzigo, usisaini kabla ya haya:

Ipime kwa mkono. Seli halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 48. Mashine ya seli tatu ikiwa nyepesi kama kopo tupu, ndani kuna ujanja.

Jaribu chaji kwa waya wa Type-C pande zote mbili, kisha kwa waya wenye kichwa cha USB cha kawaida. Nyingi za bei ya chini hukataa ule wa kwanza kwa sababu hawakuweka vile vipingamizi viwili vidogo vya kuiambia chaja itoe umeme. Si mbovu, lakini ujue ni waya gani wa kubeba.

Ifunge kwa tairi, weka PSI 3 juu ya iliyopo, ione ikijizima yenyewe. Halafu pima kwa geji ya kalamu. Ikitofautiana kwa 1 vumilia. Ikitofautiana kwa 4, rudisha.

Paka maji ya sabuni pale paipu inapoingia kwa mashine. Mapovu yakitoka hapo ikiwa mpya, wiki ya tatu hutoki Salgaa.

Tuktuk_Nyalenda:
Hapo kwa paipu ndipo zinakufia. Upepo ukibanwa unapata moto, na kile kichwa cha shaba kinashika joto lote. Baada ya dakika sita usikifungue na vidole vitupu. Mpira wa ndani ukilainika unaanza kuvuja, mota inalia vizuri lakini geji haipandi. Watu husema mota imeisha, wanatupa. Angalia huo mpira kwanza, ni wa shilingi chache. Ukiwa mzima, basi ni mpira wa pistoni umelika na vumbi, au kile kijibati cha valvu kimepinda.

Nyongeza: kichwa cha kuskurubu kinapoteza PSI 1 au 2 unapokitoa. Jaza 2 zaidi. Cha kubana kwa wenzo kinatoka haraka, lakini kwa valvu fupi za tuktuk kinateleza.

Kakamega_Lurambi:
Na baiskeli? Black Mamba inakataa.

Tuktuk_Nyalenda:
Valvu yake ni ile ya kizamani yenye kimpira ndani. Tumia kile kidude cha shaba cha valvu nyembamba, huwa ndani ya boksi pamoja na sindano ya mpira. Lakini usiamini geji hapo. Kimpira kinafunga njia ya kurudi, kwa hivyo mashine inasoma presha ya paipu, si ya tyubu, na inaweza kujizima mapema. Bonyeza tairi kwa kidole gumba kama zamani.

Rangi_Bondeni:
Je, inaweza kupuliza rangi ya gari? Naona wanaandika "kampresa".

Spana_Shabab:
Hapana. Bunduki ya rangi inakula zaidi ya lita 100 kwa dakika, bila kukatika. Hii inatoa 8 ikikohoa.

Rangi_Bondeni:
Kuna video jamaa anapaka geti.

Fundi_Kondele:
Kuna video za kila kitu, omera. Hata kukalisha tairi la tyubulesi lililotoka kwenye rimu haiwezi, upepo wake ni wa polepole, unatoroka pembeni. Funga mkanda wa mizigo katikati ya tairi, ukaze, paka sabuni kingo zote mbili, ndipo ujaze. Hata hivyo si kila mara hukubali.

Bungoma_Kwetu:
Bado nasema pampu ya mguu.

Dereva_Njoro:
Nimeangalia ile ya 2,999. Hakuna Wh, mgongoni ni "7.4V" tu na tundu la duara. Nitaiacha. Kuna ya 12V ya kuchomeka kwa gari, hiyo mwaionaje?

Fundi_Kondele:
Kama gari liko hapo hapo kila mara, ni bora, betri yake ndiyo ya gari. Washa injini, na uangalie fyuzi ya lile tundu la kiberiti, nyingi ni ampia 15. Ya kuchaji inamfaa mwenye boda au mwenye vyombo vingi. Ukinunua ya kuchaji usiiache kwa dashibodi juani. Iweke ikiwa na nusu chaji, uiongeze chaji kila miezi mitatu, maana ikikaa tupu mwaka mzima seli hazifufuki.

Mama_Kibuye:
Na mpira wa watoto, PSI ngapi? Tulipasua mmoja.

Tuktuk_Nyalenda:
Namba 5 weka 9 au 10 tu, mama. Lowesha sindano kwanza. Na uangalie kama mashine iko kwa PSI au kwa bar, maana 9 za bar ni PSI 130.