Acheni kudanganya watu kuwa kuchekecha kunamaliza fukusi!

Jamani, imetosha. Mtu akiuliza kwa nini fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka ghalani, wamerudi, anajibiwa yale yale: chekecha, anika, rudisha kwenye gunia. Ushauri huu unateketeza nafaka za watu!

Fukusi unayemwona akitambaa juu ya gunia ndiye mwenye madhara kidogo. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha hulifukia kwa ute unaokauka. Kwa macho punje hiyo ni nzima kabisa. Buu ni mweupe, mnene, hana miguu, wala hatoki nje: anakula humo, anakuwa pupa (hatua kati ya buu na mdudu kamili) humo, anakomaa humo. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 na unyevunyevu wa kutosha, kazi yote huchukua siku 35 hivi. Ungo umetoa wazazi, watoto wamebaki. Mwezi ukipita mnalia kwamba dawa ni feki!

Halafu kila kidudu cha kahawia mnakiita fukusi. Kitazameni basi! Fukusi wa mahindi ana milimita 2.5 hadi 4, pua iliyochomoza kama mkonga, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mara nyingi madoa 4 mekundu-manjano mgongoni. Mguse: anakunja miguu na kujifanya mfu, kisha anaondoka zake. Asiye na pua hiyo si fukusi. Yule bapa, mwekundu, wa kwenye unga, hufuata chenga na punje zilizovunjika. Huyo kupepeta kunamsumbua. Fukusi aliye ndani ya punje hakumgusi.

Kausheni nafaka mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13. Hiyo peke yake haimuui, inampunguzia kasi ya kuzaana. Kisha jazeni mfuko usiopitisha hewa mpaka juu, kamueni hewa iliyobaki, sokoteni mdomo na kufunga kwa kukaza. Wadudu, hata waliomo ndani ya punje, watamaliza oksijeni wenyewe na kufa. Lakini msifungue kila siku kuchota, mnawarudishia pumzi! Nafaka kidogo iwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima.

Na gunia la zamani lisiguse nafaka mpya. Fukusi hujibanza kwenye mishono.

Wewe unayesema "chekecha tu", jibu hapa hapa: walio ndani ya punje unawatoa na nini?