Msaada wakuu: nina saa moja redioni, bendi zipi ndizo zilizojenga heavy metal?

Mtangazaji Mdogo

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi redio ya jamii huku Nyanda za Juu Kusini. Kipindi changu cha miaka yote ni zilipendwa. Marijani na Mbaraka Mwinshehe nawapanga hata nikiwa nasinzia. Sasa mkuu wa vipindi kaamka na wazo lake: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuchambue muziki wa mbali ambao wasikilizaji wetu hawaujui. Mwezi huu nimeangukiwa na heavy metal.

Nikitoa taarifa ya habari na matangazo, zinabaki dakika 48. Nimepanga hivi: Metallica, Guns N' Roses, Bon Jovi, Nirvana, Linkin Park. Mpwa wangu anayesoma chuo aliiona orodha akacheka mpaka akakaa chini, na sababu kagoma kunipa.

Naomba mnisaidie kabla sijaaibika hewani. Ni bendi zipi hasa zilizoufanya muziki huu uwe ulivyo, na nianze na nani? Tafadhali lugha nyepesi, mimi ni mtu wa sebene.

Kigoda cha Mbele

Nimekaa pale. Ngoja wajuvi waje.

Nyuzi Sita

Mkuu, mpwa wako amekuonea, ila kucheka alikuwa na haki. Umewaalika wajukuu kwenye kikao cha ukoo, babu umemwacha nyumbani.

Babu ni Black Sabbath. Birmingham, Uingereza, miaka ya sitini, mji wa viwanda. Kijana Tony Iommi, miaka 17, yuko kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, anaacha akapige muziki, mashine inamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na gitaa analipiga kwa shoto, kwa hiyo huo ndio mkono wake wa kukandamizia nyuzi. Angekuwa mwingine angeuza gitaa. Msimamizi wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi aliyeungua mkono akabaki anapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi. Akafunga nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akaanza kuzilegeza: kwenye albamu yao ya 1971, Master of Reality, nyimbo kadhaa gitaa limeshushwa freti (hatua za sauti shingoni mwa gitaa) tatu nzima. Sauti ikawa nzito kama lori la mawe linapanda mlima.

Albamu yao ya kwanza ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na kazi kubwa ya kuirekodi ilimalizika kwa siku moja. Wimbo wa kwanza unabeba jina la bendi. Kuna mvua, kengele, halafu noti tatu tu, pole pole. Ile ya tatu ina mgongano ambao wanamuziki wa kale wa Ulaya waliuita shetani ndani ya muziki. Cheza huo uone simu zitakavyoita.

Na ukitaka ushahidi wa nani babu: tarehe 5 Julai 2025 Sabbath walipiga onyesho lao la mwisho kwao Birmingham, uwanja wa Villa Park. Metallica wako pale, Guns N' Roses wako pale, Slayer wako pale, wote wamekuja kuaga. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, aliimba ameketi. Siku 17 baadaye akafariki.

Mtu wa Tanga

Naheshimu, ila napinga. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ni Januari 1969, Sabbath hawajaingia hata studio. Sikilizeni ngoma za John Bonham halafu mniambie kama kuna uzito umebaki wa kuvumbua. Mkuu anza na Zeppelin, wimbo Whole Lotta Love.

Nyuzi Sita

Kutangulia siyo kuzaa. Zeppelin wangeweza kukaa chini na magitaa ya kawaida wakapiga muziki wa kijijini wa Kiingereza nusu albamu, na walifanya hivyo 1970. Sabbath walikaa gizani humohumo.

Mzee wa Besi

Vijana mmegombana kabla chai haijachemka. Nimepiga besi bendi za dansi miaka 30, na hawa wazungu nilikuwa nawasikiliza kwa kanda za mabaharia. Mimi napima hivi: iondoe bendi, uone kipi kinaanguka.

Waondoe Zeppelin, unapoteza rock kubwa ya uwanjani, unapoteza waimbaji wote wanaopasua koo kama Robert Plant. Hasara kubwa. Waondoe Sabbath, heavy metal yenyewe haipo. Basi.

Na tusisahau Zeppelin walikunywa kisima cha nani. Huo Whole Lotta Love maneno yake yalifanana mno na wimbo wa Willie Dixon, mtunzi Mmarekani mweusi, ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon aliwashtaki 1985, wakamalizana miaka miwili baadaye, na jina lake likawekwa. Mtangazaji, hilo liseme hewani. Watu wanadhani muziki huu ulishuka kutoka barafuni, kumbe mizizi ni bluzi ya watu weusi wa Mississippi na Chicago.

Halafu wote mmewasahau Deep Purple. Jon Lord alichukua kinanda cha aina ya kanisani, Hammond, akakichomeka kwenye amplifaya ya gitaa kikaanza kunguruma. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao, akapiga solo zenye harufu ya Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, kwa mwendo wa kukimbizwa. Highway Star ya 1972, dakika 6 hivi. Mwendo kasi wa metal unaanzia pale.

Jambo la mwisho, mdogo wangu: Whole Lotta Love katikati ina miguno ya chumbani kwa muda mrefu. Redio ya jamii, Jumamosi, watu wako sebuleni na wakwe. Shauri yako.

Mtangazaji Mdogo

Shikamoo Mzee wa Besi. Umeniokoa, nilishaupakua. Swali la kijinga: sauti ile ya gitaa kukwaruza, kama redio yenye betri za kuisha, ilitoka wapi? Maana naona hiyo ndiyo wasikilizaji wangu watailalamikia.

Nyuzi Sita

Siyo la kijinga hata kidogo, ndiyo roho yenyewe. Amplifaya ikizidishiwa, inashindwa, sauti inapasuka. Mafundi walikuwa wanalikwepa hilo, vijana wakalipenda. Link Wray, Marekani 1958, alitoboa spika yake kwa penseli. Dave Davies wa The Kinks, London 1964, alikuwa na kiamplifaya kidogo, akachukua wembe akaichana karatasi ya spika ili ikoromee. Matokeo yake ni You Really Got Me, dakika 2 na ushee. Wakaja Cream, Hendrix, na Blue Cheer wa San Francisco waliopiga kwa kelele za kuumiza masikio mwaka 1968. Sabbath walikuta mlango umeshavunjwa.

Mlinda Zamu

Ndugu mtangazaji, mimi sina ugomvi na gitaa. Nina ugomvi na misalaba iliyogeuzwa na majina ya mashetani. Redio yenu inasikilizwa na watoto. Kwa nini uwalishe vitu hivi?

Binti wa Mkunazini

Kaka Mlinda Zamu, hoja yako isidharauliwe, zipo bendi zilizofanya hayo makusudi. Venom wa Newcastle walijipaka ushetani kama sinema ya kutisha, albamu yao ya 1982, Black Metal, ikaupa jina ukoo mzima, na baadhi ya Wanorwe baadaye wakachoma makanisa kweli. Hao asiwapige.

Lakini Sabbath wasikilize maneno. Mtunzi mkuu wa mashairi, Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki. Kwenye ule wimbo wa kengele, mtu ameona kitu cheusi kimesimama mbele yake na anamlilia Mungu amsaidie. War Pigs inawashukia wakubwa wanaoanzisha vita kisha wanapeleka watoto wa maskini wakafe. Na 1971 wana After Forever, inayowakemea wanaomcheka Mungu. Ukiitafsiri ukaisoma jukwaani watu wataitikia amina.

Nilichokuja kusema hasa ni kingine. Mnataja wa Birmingham, wa London, na wa kwetu Unguja mmemruka! Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Queen siyo bendi ya metal, nakubali kabla hamjanirushia mawe. Ila mwaka 1974 walitoa Stone Cold Crazy, dakika 2 na kidogo, unakimbia kama umefukuzwa na mbwa. Metallica wakaurudia, na 1991 wakaondoka na tuzo ya Grammy ya metal kwa wimbo huo. Kama kuna daraja kati ya msikilizaji wako na huu muziki, ni hapo.

Mtangazaji Mdogo

Dada umeniacha mdomo wazi. Hilo naliweka katikati ya kipindi, wakati watu wanataka kuzima.

Kigoda cha Mbele

Nakazia hapo kwa Freddie.

Msee wa Eastlands

Niaje wadau. Mmekwama miaka ya sabini kama matatu ya Jogoo Road saa kumi na mbili. Motörhead je? Lemmy aliianzisha 1975, anapiga besi kama gitaa la kujaza, sauti imekauka, na watu wa punk (rock fupi ya hasira) na watu wa metal waliokuwa wanachukiana wote wakaja kwake. Ace of Spades, 1980, haifiki hata dakika 3. Toa hiyo na thrash, ile metal ya mwendo kasi ya kina Metallica, hakuna.

Metallica wenyewe, Los Angeles 1981, walikuwa mashabiki tu. Lars Ulrich, Mdenmark, alikuwa anawafuata Diamond Head wa Uingereza mpaka akalala kwao. Wimbo wao Am I Evil? Metallica waliurekodi 1984 na wengi hadi leo wanadhani ni wao. Kwa hiyo Metallica waweke, ila mwishoni, kama mtoto aliyesomeshwa na mtaa mzima.

Na huku Nairobi tuko. Duma, bendi ya watu wawili, albamu yao ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Hiyo usiicheze kabla ya saa nne usiku, buda. Nakuonya kwa upendo.

Mzee wa Besi

Ongeza Judas Priest, hao nao ni wa Birmingham na jirani zake. Walichofanya watu wa dansi tutakielewa haraka: magitaa mawili ya solo, Downing na Tipton, yanajibizana, kisha yanakutana. Sisi tulikuwa na solo na second solo, kanuni ni ileile. Walipunguza bluzi ikabaki chuma kitupu. Na zile nguo za ngozi zenye misumari ambazo kila mtu anazifananisha na metal, Rob Halford ndiye aliyezileta.

Kama mnasikika Tunduma, wakumbushe pia kwamba ng'ambo ya mpaka, Zambia, miaka ya sabini zilikuwepo bendi za WITCH, na mwimbaji wao Jagari Chanda, na Ngozi Family, gitaa limepasuka hivyohivyo. Huko mji wa shaba, Birmingham mji wa chuma, vijana wamelelewa na kelele za mashine. Hawakuijenga metal, ila jirani yako akisikika msikilizaji anasogea karibu.

Mtangazaji Mdogo

Wakuu, nimekaa na kalamu. Kinks, 2. Zeppelin nimewabadilishia, naweka Communication Breakdown ya albamu ya kwanza, dakika 2 na nusu, haina miguno. Sabbath ule wa kengele, 6. Highway Star, 6. Stone Cold Crazy, 2. Priest, Breaking the Law, 2 na nusu. Ace of Spades, karibu 3. Master of Puppets, 8 na nusu. Hao WITCH nitawapigia chini ya sauti yangu wakati naongea. Nimebaki na kama dakika 15 za maneno, na mimi sina maneno ya dakika 15 kuhusu metal.

Mtu wa Tanga

Iron Maiden!!! Unafanya kipindi cha metal bila Iron Maiden? Besi ya Steve Harris inakwenda mbio kama farasi, nusu ya bendi za Ulaya zimejifunzia hapo. The Trooper, 1983, dakika 4. Nimesamehe ya Zeppelin, hii sisamehi.

Nyuzi Sita

Hapo yuko sahihi. Weka baada ya Motörhead, kabla ya Metallica. Ubakiwe na kama dakika 11 za maneno, zinakutosha kidole cha Iommi na wembe wa Davies.

Mtangazaji Mdogo

Imeingia. Mrejesho mdogo: leo mchana nimejaribu orodha studio, nimeanza na Kinks kama mlivyonielekeza. Sekunde ya tano fundi mitambo kaingia mbio na bisibisi mkononi, anauliza spika imepasuka lini. Nikamjibu 1964.