MJADALA: Ithibati ya vyuo vya Uturuki ina uzito gani ikiwa rekta (mkuu wa chuo) anateuliwa na Rais?

Mtoa mada:
Wadau, kuna wanaosema Uturuki imeshamalizana na suala la ubora wa vyuo vikuu. Baraza la ubora, YÖKAK, lilianza 2015, likapewa mamlaka yake kisheria 2017, na 2020 likaingia ENQA, jumuiya ya Ulaya ya wakaguzi wa elimu ya juu. Chuo kikipata ithibati kamili ni miaka mitano, ya masharti ni miaka miwili. Kwenye makaratasi, safi kabisa.

Mimi sikubali. Tazameni Chuo Kikuu cha Boğaziçi, pale Istanbul. Julai 2016 wahadhiri walipiga kura ya rekta, Gülay Barbarosoğlu akazoa asilimia 86. Oktoba amri ya dharura ikafuta uchaguzi wa marekta, na Novemba Rais akateua mtu ambaye hata kugombea hakugombea. Januari 2021 akaletwa Melih Bulu kutoka nje ya chuo. Wahadhiri wakawa wanasimama uwanjani na majoho yao, ofisi ya rekta wameipa mgongo. Julai akaondolewa kwa amri, vilevile alivyoingia.

Na eneo la kwanza kabisa katika vigezo vya YÖKAK ni uongozi na utawala! Mkaguzi anampima nani hapo, chuo au Ikulu?

Mchangiaji:
Mkuu, unachanganya mambo. Nchi ina vyuo vikuu zaidi ya 200, vingi vilizaliwa juzijuzi na sera ya kila mkoa kuwa na chuo chake. Chuo kichanga kinahitaji mtu wa kukibana: mtaala umehuishwa lini, malalamiko ya wanafunzi yameishia wapi? Wahandisi wana MÜDEK, chombo cha ithibati ya programu za uhandisi, tangu 2002 na inaheshimika. Halafu huo uchaguzi mnaoulilia, majina sita yalikwenda YÖK, baraza la elimu ya juu la taifa, yakachujwa yakabaki matatu, Rais akachagua amtakaye. Aliyeongoza kwa kura kuachwa hakukuanza 2016.

Mtoa mada:
Hilo la kuchuja majina ni kweli, ndugu yangu. Ila zamani Rais akimruka mshindi, kila mtu alijua karuka kura ngapi. Na hiyo MÜDEK unayoisifia iliasisiwa na madekani wa uhandisi wenyewe, haikushushwa na serikali kutoka Ankara. Umenisaidia hoja!

Mliosoma kule kwa ufadhili wa Türkiye Bursları, hebu semeni: chuo chenu kilipoandika ripoti ya kujitathmini ya kila mwaka, mliwahi kuulizwa chochote?