Mjadala: Gitaa la granji lipitie ampu jukwaani, au liingie moja kwa moja kwenye miksa?

Ndugu wanamuziki wa Mbeya na majirani zetu wa Iringa,

Vikundi vya vijana wanaopiga granji, roki ya gitaa zito lenye mkwaruzo, hapa mjini, ambavyo huazimana vyombo na kuchangia gharama za ukumbi, vimegawanyika kuhusu matumizi ya fedha zao za pamoja. Upande mmoja unataka inunuliwe ampu (kikuza sauti cha gitaa chenye spika yake) kubwa ya valvu, yaani inayotumia mirija ya kioo ya kizamani, kwa madai kwamba bila valvu hakuna granji. Upande wa pili, unaoungwa mkono na wenye kumbi, unataka ampu zipigwe marufuku na kila gitaa lichomekwe kwenye miksa, mtambo unaochanganya sauti zote za ukumbi, ili fundi mitambo adhibiti sauti yote. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, ingawa upande wa pili umekosea kwa sababu za heshima zaidi.

Hoja ya valvu inaangushwa na historia ya muziki wenyewe. Granji ilizaliwa Seattle, Marekani, mikononi mwa vijana waliokuwa wakiokoteza vyombo vya mitumba. Albamu ya kwanza ya kundi la Nirvana, Bleach, iliyotoka mwaka 1989, ilirekodiwa kwa dola 606 na senti 17. Kundi la Mudhoney, mwaka 1988, waliita kazi yao kwa majina ya pedali (visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti) mbili za fazi, yaani za mkwaruzo mzito, Univox Super-Fuzz na Big Muff. Hawakuiita kwa jina la ampu. Kurt Cobain, kiongozi wa Nirvana, naye alitegemea sana Boss DS-1, pedali ndogo ya rangi ya chungwa iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1978 na ambayo haijawahi kuwa chombo cha matajiri. Zaidi ya hayo, valvu huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na sijui ni duka gani la Mwanjelwa litakalokuuzia nyingine siku ya onyesho. Ampu iliyoletwa kutoka Marekani hutaka volti 120 ilhali umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo itabidi inunuliwe na transfoma, gharama ambayo watetezi wa valvu hawaigusii kamwe.

Wanaotetea miksa hupenda kukumbusha kwamba hata katika Nevermind, albamu ya Nirvana ya mwaka 1991, kuna mahali ambapo Cobain alichomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya studio. Ni kweli, lakini hapo ndipo ukali ulikuwa unatafutwa kwa makusudi, tena studio, ambako sauti inaweza kurekebishwa baadaye. Jukwaani mambo ni tofauti. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Kuanzia takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 kwenda juu nguvu yake hushuka kwa kasi, na kushuka huko ndiko kunakolainisha mkwaruzo wa pedali. Spika za ukumbini zimetengenezwa zitoe kila kitu, pamoja na vile visauti vyembamba vya juu ambavyo pedali ya distosheni, yaani ya mkwaruzo, huvizalisha kwa wingi. Ukichomeka DS-1 kwenye miksa bila chochote katikati, kinachotoka ni mlio wa nyuki ndani ya debe, na fundi mitambo hulaumiwa bure. Nakubali kwamba kifaa cha efekti nyingi chenye kiigizo cha spika hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo, mradi mwenye nacho akumbuke kukiwasha.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likiguswa. Granji huishi kwa tofauti kati ya ubeti wa taratibu na kiitikio cha kishindo. Mpigaji anapokanyaga pedali, sauti inapaswa kupanda waziwazi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja fundi mitambo, kwa nia njema kabisa, akiishusha fada (kitelezi cha sauti kwenye miksa) ya gitaa mara tu kiitikio kinapoanza, kwa kuwa ameona taa nyekundu ya kuonya kwamba sauti imezidi. Wimbo ukabaki tambarare kama barua ya ofisini. Penye ampu, kupanda na kushuka huko kunabaki mguuni mwa mpigaji.

Ningependekeza, basi, tununue ampu ya transista (isiyotumia valvu) yenye spika moja ya inchi 12, pedali moja ya distosheni, na maikrofoni ya kuwekwa mbele ya spika. Ampu iachwe katika sauti safi, isiyo na mkwaruzo. Kwenye pedali, distosheni ipandishwe kupita nusu, toni ibaki chini ya nusu kwa sababu DS-1 ni kali mno juu, na kiwango kizidi kidogo kile cha sauti safi. Wengi hukata sauti za kati wakiwa peke yao chumbani, na gitaa huonekana nene. Wakiingia pamoja na besi na ngoma, gitaa linapotea. Sauti za kati zirudishwe. Pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi za gitaa) za koili moja zitavuma kwa umeme wetu wa hezi 50, na dawa yake ya kwanza ni mpigaji kugeuka na kusogea mbali na transfoma na taa, kabla ya kufikiria pedali nyingine.

Hofu ya wenye kumbi kuhusu kelele ni ya haki, hasa kwa kuwa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo na usiku huwa kali zaidi. Lakini ampu ndogo iliyoinuliwa juu ya kiti na kuelekezwa masikioni mwa mpigaji haihitaji kufunguliwa sana, na kinachowafikia majirani wa Soko Matola ni spika za ukumbini pamoja na besi. Ampu ikiondolewa, mpigaji atahitaji monita, yaani spika ya jukwaani inayomwelekea, ili ajisikie. Wanaotaka marufuku watueleze kwanza monita hiyo itanunuliwa na nani, na kama itakuwa na sauti ya chini kuliko ampu wanayoikataa.