Kile kibanda cha biskuti za moto Kisasa, mtu anaweza kumpeleka mama mkwe?

mgeni_wa_ihumwa
Wadau wa Dodoma habari za jioni. Mwenzenu nimehamishiwa huku kikazi, nakaa Ihumwa, ofisi Mtumba, mjini nafika kwa nadra sana. Sasa ofisini kuna watu kila siku wanasifia kibanda kimoja pale Kisasa, kuna dada anaoka biskuti asubuhi asubuhi, sio hizi za paketi jamani, ni zile nene laini wanazokula kusini mwa Marekani, unaipasua katikati mvuke unatoka unapaka siagi au unaweka yai. Wanasema meza hamna, kuna kaunta ya mbao na stuli chache, mkijaa mnasimama. Mama mkwe wangu anakuja Ijumaa na SGR toka Dar na wife anataka Jumamosi tumtoe akanywe chai sehemu ya tofauti, hoteli hataki. Naomba kujua wanafungua saa ngapi, unaagizaje, bei zikoje na je pana staha kweli ya kumpeleka mama mkwe? Mimi nikiwaza stuli ndefu na mama na vitenge vyake nachoka kabisa.

Makole_Finest
Mkuu saa 12 na nusu anakuwa ashafungua. Nenda kabla ya saa 2 maana Jumamosi wanajaa watu wa jogging wana njaa kama nzige, ukifika saa 4 unakuta anafuta kaunta. Kuagiza ni hivi, unaenda kule mwisho kwenye kabati la kioo unasema unataka ngapi na ndani uwekewe nini, unalipa hapo hapo, chai unajimiminia mwenyewe kwenye chupa. Ukikaa ukasubiri mhudumu aje utakaa mpaka adhuhuri hahaha. Tupu buku, ya yai buku mbili, chai ya maziwa buku. Mara ya mwisho nimeenda ilikuwa hivyo, sijui kama kapandisha.

Bint_Kondoa
Ongezea hapo, kuna siku anaweka na rojo jeupe la soseji. Kule Marekani hiyo ndio yenyewe, mafuta ya soseji yanakaangwa na unga kidogo, wanamwaga maziwa na pilipili manga nyingi, halafu wanamwagia juu ya biskuti. Soseji yao kwa kawaida ni ya nguruwe, huyu dada anatumia ya ng'ombe, lakini kama mama ni Muislamu muulize tu kabla hujaagiza, hachukii kuulizwa.

Na mimi naoka nyumbani ndo maana namsifu, ile kitu inaonekana rahisi lakini si rahisi. Haina hamira kabisa, inapanda kwa beking pauda na magadi ya kuokea yakikutana na uchachu wa maziwa mgando. Siagi lazima iwe ya baridi haswa, unaisaga na unga kwa ncha za vidole ila usiimalize, vibaki vipande vidogo, vikiingia kwenye moto mkali vinayeyuka, yale maji ya kwenye siagi yanageuka mvuke yanasukuma unga ndo unaona zile tabaka tabaka. Sasa fikiria joto la hapa mwezi wa 10 na wa 11, siagi inalainika hata hujamaliza kuipima! Mwezi wa 6 na wa 7 ukiwa na huu upepo wa baridi ndo raha. Yeye siagi inalala friza. Na mwangalie anavyokata, anashusha glasi moja kwa moja mpaka chini anainua, haizungushi, ukizungusha kingo zinajibana biskuti inapanda upande. Halafu kwenye trei anazibananisha zigusane zisaidiane kwenda juu. Unga nao shida, kule kusini wanatumia ngano laini yenye protini ndogo, huku unga mwingi ni wa chapati na maandazi, ukiukanda kidogo tu umeshapata mkate. Yeye hakandi, anakunja tu mara chache basi.

mgeni_wa_ihumwa
Aisee dada shukrani, sasa si bora nizifuate mwenyewe alfajiri nimletee mama nyumbani Ihumwa? Yale mambo ya stuli yanakuwa yameisha.

Bint_Kondoa
Usifanye hivyo kaka. Ukizifunika za moto mvuke unarudi chini, mpaka ufike Ihumwa juu pameshalowa. Kama ni lazima ziache zipoe kidogo, funga kwenye kitambaa cha pamba au bahasha ya kaki, bahati nzuri mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 hivyo kwa vyovyote hatakupa hiyo. Nyumbani pasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika. Zitalika ila sio zile.

Mzee wa Kikuyu
Vijana mnajadili unga, hoja ya mwenzenu ni mkwe. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega wakatafuna, haijalishi ni hoteli au kibanda. Sasa hapo kaunta inakusaidia mwanangu. Mkeo akae na mama yake pale pembeni, kuna benchi chini ya mwarobaini, wala sio stuli, la mgongo kabisa. Wewe panga foleni, lipa, beba sahani mpelekee kwa mikono miwili, kisha rudi kaunta unywe chai yako umesimama na wanaume wenzio. Umeheshimu na umelisha. Na kama mama hapendi vya siagi asubuhi, kuna chupa kubwa ya uji wa uwele pale, mwagize huo, mimi mwenyewe hizo biskuti naonja nusu tu halafu narudi kwenye uji.

Makole_Finest
Mzee umemaliza. Hilo benchi nilikuwa sijalifikiria, kumbe huwa nalikalia kila siku 😂

mgeni_wa_ihumwa
Shikamoo mzee, na asante sana. Wife kasoma hapa anacheka anasema mama ataanza na uji halafu ataomba biskuti ya yai, anamjua mama yake. Jumamosi saa 1 tupo hapo. Wanapokea lipa namba?

Bint_Kondoa
Wanapokea ila mtandao asubuhi una tabia zake na foleni ya nyuma yako haitakuwa na huruma. Beba keshi, na iwe ndogo ndogo, ukimpa noti ya elfu 10 saa 1 asubuhi atakutuma ukatafute chenji dukani kwa Mpemba.