Fundi kaniuzia antivairasi, kebo na swichi, kumbe RAM ndiyo mbovu

Bandugu, nina hasira, mnivumilie.

Nina studio ndogo ya picha na video hapa Lubumbashi, Katuba. Kompyuta tatu, na ile ya zamani tuliifanya seva: kazi zote zinakaa kwenye folda moja, tunaifikia kwa Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Tangu Machi picha zinaharibika. Si zote. Unafungua ya bibi harusi, uso mzima mpaka kidevuni, halafu kuanzia shingoni kushuka ni mistari ya zambarau na kijivu. Ukiinakili upya, pengine inatoka nzima.

Nikaita fundi. "Ni virusi, papa." Dola 20. Akarudi, sasa ni kebo. Mara ya tatu swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao, dola 35, eti umeme wa kukatika-katika umeiunguza. Umeme unakatika kweli, ndiyo maana kisingizio hicho hakuna anayekibishia. Swichi mpya ikafungwa, picha zikazidi kuoza.

Juzi usiku nikakaa mwenyewe. Nikachukua video ya harusi ya GB 11, nikaipiga sha256sum pale pale kwenye seva, kebo ya mtandao nimeichomoa kabisa. Hiyo ni amri ya kuipigia faili hesabu: inatoa herufi na tarakimu 64, na faili isiyobadilika lazima itoe zilezile kila mara. Nikairudia bila kugusa kitu: jibu jingine kabisa. Ya tatu, jingine tena. Faili ileile, ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho! (Kubwa nilichagua makusudi. Seva ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 8. Faili ndogo ingesomwa mara moja ikabaki humo, ikanipa jibu lilelile kila mara.) Sasa swichi inaingiaje hapo?

Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwa flashi, nikaenda kulala. Asubuhi skrini imejaa makosa. Nikapima vijiti vya RAM kimoja kimoja: kimoja kizima, cha pili ndicho mwizi. Yaani data inaharibikia humo kabla haijatoka. TCP, kanuni ya mtandao inayosafirisha data, inaipigia hesabu ikiwa imeshaoza, inafika upande wa pili, hesabu inalingana, kila mtu anasema safi. Mtandao ulibeba ulichopewa.

Jaribio lenyewe ni bure, amri moja tu! Lakini hapa kwetu kila mwenye bisibisi ni fundi, na fundi hapati kitu kwa kupima, anapata kwa kuuza. Nimempigia, akanijibu, "Basi papa, tumepata tatizo." Tumepata!

Diski ya akiba nayo ilikuwa inajazwa kupitia seva hiyohiyo, na kadi za kamera nilishazifuta nipige harusi nyingine. Mama wa bibi harusi anakuja Jumamosi. Nina picha kama 4,000 za tangu Machi. Nani anajua programu ya kuzipepeta, zile mbovu zijitenge, nisifungue moja moja?

Na tafadhali, asije mtu kuniambia nipige antivairasi.